Damu ya Yosefu na Kigoda cha Vestina

Jumatano, 27 Novemba 2002

Daftari hili ni la binti yangu Anifa wa darasa la sita. Kurasa za mwanzo zina hesabu za mafungu, nyingi zimekosewa, lakini hayo tutayazungumza nikirudi nyumbani. Kaniletea jana akaniambia, "Mama, uwe unaandika, usije ukagombana na manesi." Ananijua huyu mtoto.

Basi niandike. Mimi ni Sikudhani, mnunuzi wa viazi, mkazi wa Mahongole pale Makambako. Leo ni siku ya tisa nimelala hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Njombe. Tarehe 19 nilikuja na lori kuchukua viazi vya vinyungu, vile vinavyolimwa bondeni kabla ya mvua kubwa. Mwenye shamba anaitwa Yosefu, mtu mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Nikamwambia ajaze lumbesa: gunia lipite mdomo wake, kichwa kisukwe kwa kamba. Akasema, "Mama, gunia linaishia mdomoni." Nikamjibu, "Hilo la enzi za ushirika, baba. Siku hizi ni soko huria. Anayetaka mdomo akauze mdomo." Vibarua wakacheka, nami nikajiona mjanja.

Gunia lenye kichwa haliketi vizuri juu ya wenzake, kila mpakiaji anajua. La juu kabisa liliteleza nikiwa nimesimama chini natoa amri. Likanibana paja la kulia kwenye ndoano ya chuma wanayofungia kamba ubavuni mwa lori. Mfupa ulipona, lakini misuli ya mbele ya paja ilichanika na kusagika, na damu ikatoka mpaka nikaanza kuona giza. Mke wa Yosefu, Vestina, alifungua kitenge kiunoni mwake mbele za wanaume akanifunga nacho. Hospitalini benki ya damu ilikuwa tupu. Walipima waliokuwapo, na damu iliyokubaliana na yangu ilikuwa ya mtu mmoja tu, Yosefu yuleyule. Akatoa chupa nzima.

Nadhani alitoa kwa kuogopa kesi. Mtu anaumia shambani kwako, utafanyaje?

Daktari amenishona. Ameniambia bila kuzunguka: nitatembea, ila kuinuka kutoka chini kwa nguvu ya mguu huu huenda kusiwezekane tena. Nimemuuliza, na kuswali? Akasema watu wengi huswali kwenye kiti. Nina miaka thelathini na tisa. Nataka kuweka paji la uso chini mbele ya Mola wangu na kuinuka mwenyewe, kama nilivyofundishwa na mama.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua. Nimeswali nimelala kama mzigo.

Jumapili, 1 Desemba

Yosefu na Vestina walikuja baada ya misa. Yeye alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akanitazama muda mrefu mpaka nikachoka. Mwishowe akasema, "Mama Anifa, damu yangu inakaaje humo?"

Nikamwambia inakaa vizuri.

"Angalia. Ni ya Kikatoliki hiyo. Ukitaka kuswali inaweza ikagoma."

Hakucheka hata kidogo. Vestina alicheka kwa niaba yake. Sikujua kama mtu huyu ana utani.

Jumanne, 3 Desemba

Leo nimepata tumaini la kushika. Mtaalamu wa maabara, Bonaventura, ndiye aliyenipima damu siku ile. Kijana mpole, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Alikuja na makaratasi aliyorudufisha kwenye jarida la Kiingereza alipokuwa masomoni Dar es Salaam. Anayatunza kwenye bahasha kama cheti cha ndoa.

Akaeleza kwamba ndani ya uboho wa mifupa kuna seli za mwanzo, mama wa damu yote. Zinazaa chembe nyekundu, zinazaa nyeupe, hazichoki. Wataalamu walichukua uboho wa panya mmoja wakampandikizia mwingine. Kisha wakaumiza misuli ya yule wa pili, wakaingoja ipone. Walipoichungulia wakakuta ndani ya nyama mpya kuna alama za panya wa kwanza.

Nikasema, "Kwa hiyo damu inageuka nyama."

Akasita. "Ndiyo. Tuseme hivyo."

Alhamdulillahi! Nimelala nikiisikia damu inafanya kazi pajani.

Ijumaa, 6 Desemba. Idd

Nilidhani leo nitalia peke yangu. Saa nne Vestina akaingia amelowa chapachapa, jogoo amekwishanyonyolewa yumo kikapuni, na sufuria juu yake. Alianza na stendi ya mabasi, jogoo akiwa hai kwapani, kumtafuta Mwislamu wa kumchinja.

"Nimeuliza watu majina. Wa kwanza Enoki. Wa pili Brayson. Wa tatu akanitukana. Wa nne akasema Halfan, nikamwambia, baba, chinja."

Akapika jikoni kwa wagonjwa. Kabla ya kunipakulia akaniinulia ile sufuria niitazame chini. "Mpya. Haijawahi kumwona nguruwe."

Nimekula mpaka mifupa nikaitafuna. Mwanamke huyu sijamfanyia lolote maishani zaidi ya kumbana bei.

Jumatatu, 9 Desemba

Sista Scolastika, mwangalizi wa mazoezi, amepima mapaja yangu kwa futi ya fundi cherehani. Kushoto sentimita 54. Kulia 49, uvimbe umekwisha. Akataka nianze kunyoosha goti mara kumi asubuhi, kumi jioni. Inauma kupita kiasi. Nikamwambia asinisumbue, nyama changa haitikiswi, damu iachwe ijenge. Akaniuliza nimeyapata wapi hayo. Nikasema kwa wasomi.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimeruhusiwa kutoka, ila kila Jumatatu nirudi kupimwa. Makambako na huku ni mbali kwa mguu huu. Mdogo wangu Kheri anaangalia biashara na Anifa yuko kwake. Nilikuwa napanga kukodi chumba Mjimwema, Vestina akakataa. "Chumba cha nini? Kwetu na hospitali ni mwendo wa kumaliza rozari moja." Nimepewa chumba cha mtoto wao Tarsis, aliye seminari.

Jumatatu, 16 Desemba

Paja: 47.

Jumatatu, 23 Desemba

Paja: 46. Sista alizungusha futi akaitia mfukoni. Nami nimemwagiza Kheri aniletee mifupa ya ng'ombe kwa basi, kutoka bucha la Waislamu, yenye uboho. Nitakunywa supu kila siku. Kama mama wa damu yuko ubohoni, basi nimlishe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi yao. Wameimba vizuri. Nimelala.

Jumatatu, 6 Januari 2003

Paja: 45. Supu nakunywa, siutikisi mguu, na bado unakonda. Nikisimama na fimbo goti linanikatikia. Usemi unasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimeingia wiki ya nne na wananiletea maji ya moto ya kunawa mpaka kitandani. Naona haya.

Jumatatu, 13 Januari

Niandike polepole, maana nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimpe nani.

Paja: 44. Sista alinionyesha futi, akaniuliza, "Mama Anifa, damu imejenga?" Kisha akamwita Bonaventura kutoka maabara. Akaja na bahasha yake, na ndani yake karatasi mpya. Hakukaa.

"Mama, nilikosea. Nisamehe. Nilikwambia nusu ya habari." Akaeleza kwamba wataalamu wengine wamekaa wakahesabu. Katika nyuzi elfu za msuli uliopona, zenye alama ya seli ya damu ni moja, pengine hata hiyo moja haipo. Na hiyo moja, seli ya damu haikujenga uzi mpya, ilijiunga tu na uzi uliokuwapo. Wanaojenga msuli ni seli za msuli wenyewe, zimelala pembeni mwa nyuzi. Na bila mguu kufanyishwa kazi, hicho kidogo kinachojengwa kinanyauka.

"Na damu ya Yosefu?"

"Ilikuokoa usife. Haikupi paja."

Nikampigia kelele korido nzima ikasikia. Nikamwambia nimelala wiki sita kama gogo kwa ajili ya karatasi yake. Nikamwambia panya wake na miwani yake vyote vina uzi mmoja. Kijana wa watu akasimama pale akalia machozi mbele ya wagonjwa, wala hakujitetea.

Nimefika nyumbani nimekaa jikoni kwa Vestina na kufikiri. Ukweli ni huu, nauandika kwa kuwa Anifa atausoma siku moja. Sista aliniambia tangu mwanzo ninyooshe goti. Kila Jumatatu aliniambia. Nilikuwa na maneno mawili mbele yangu, moja linauma na moja linaniruhusu kulala. Nikachagua la kulala, nikaliita elimu. Bonaventura alikosea sentensi moja, mimi nimekosea wiki tano.

Kesho naanza. Kama nimechelewa, nimechelewa.

Jumanne, 14 Januari

Mara kumi. Nimeng'ata khanga.

Jumamosi, 18 Januari

Siku kubwa. Mahindi ya Yosefu yamezidiwa na magugu, kwa kuwa wiki nyingi Vestina alikuwa akishinda njiani kwa ajili yangu. Basi wameita mgowe. Hapa mtu akielemewa huita majirani, wanakuja na majembe yao, wanalima mpaka jua linapogeuka, kisha wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, na kwenda zao. Walikuja watu kama ishirini, wakisalimiana "Kamwene, kamwene" kwenye umande. Mimi nilipewa kazi ya kuchambua maharage, kiti mlangoni, na togwa langu pembeni kwa kuwa ulanzi sinywi.

Nani nikamwona mstarini na jembe, suruali imekunjwa? Bonaventura. Kumbe ni jirani yao wa ng'ambo ya kijito. Aliniona akataka kujificha nyuma ya mahindi, lakini bado mafupi. Nikamwita. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekutukana hadharani, nakuomba radhi hadharani." Nikamwomba kwa sauti ileile ya korido, watu wakapiga makofi. Alifurahi mpaka akavua miwani.

Akakaa kando yangu. Nikamuuliza, "Sasa hizo seli za damu, kama hazijengi, zinakwenda msulini kufanya nini?"

Alifikiri, akiangalia shamba. Akasema, "Hivi hivi, mama. Uboho unazaa chembe nyeupe, zinaitwa palipoumia, zinakwenda kwa wingi. Zinakula nyama iliyokufa, zinasafisha. Zikiwa humo zinatoa ujumbe wa kuwaamsha wenye shamba, zile seli za msuli zilizolala. Kisha zinaondoka."

"Mgowe."

"Mgowe hasa. Wasipokuja, mwenye shamba hawezi kuanza. Lakini hawamlimii mpaka mavuno."

"Na ile moja katika elfu?"

Hapo Vestina, aliyekuwa akipita na chungu, akasimama. Akasema kwa aibu kama msichana, "Mimi nilikuja mgowe shamba la baba yake Yosefu. Mwaka sabini na tisa. Wenzangu waliondoka jioni."

Bonaventura akacheka mpaka akakohoa. "Huyo! Huyo ndiye ile moja!"

Yosefu kwa mbali akauliza kwa Kibena wanacheka nini, wakamwambia. Akainua jembe, akasema, "Na hajaacha kusafisha mpaka leo."

Leo nilinyoosha goti mara ishirini, nikiwa palepale mlangoni. Wenye shamba, amkeni.

Jumatatu, 20 Januari

Paja: 44. Halijapungua! Sista amenifunga kifundoni soksi yenye viazi vitatu, ninyooshe goti navyo. Viazi vilivyoniumiza ndivyo vitakavyoniponya. Nilicheka mwenyewe njia nzima.

Ijumaa, 24 Januari

Viazi vitatu.

Jumatatu, 3 Februari

Paja: 45. Viazi vitano. Mvua haikatiki, ukungu mpaka saa nne. Usiku mguu unavuta kama jino bovu. Siulalamikii, una kazi.

Jumatano, 12 Februari. Idd el Haji

Nilijipa moyo kupita kiasi. Nilitandika mkeka chumbani, nikasujudu chini kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Paji la uso lilipogusa mkeka nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Kisha nikataka kuinuka. Mguu haukuitika. Nikajaribu mara tatu. Nikabaki pale chini nimeinama, sala imenikatikia, nalia.

Vestina alisikia. Hakuingia na viatu, alivivua mlangoni, sijui nani alimfundisha. Akanishika kwapa moja, Yosefu akabaki nje akiuliza aingie au asiingie. Akaambiwa aingie. Wakaniinua. Yosefu akatazama ukutani akasema, "Nilikwambia itagoma."

Nilicheka huku machozi yananitiririka. Sasa najua hiyo ndiyo namna yake ya kumbembeleza mtu. Nilimdhania alitoa damu kwa kuogopa kesi. Mungu anisamehe, na yeye pia.

Jioni Vestina ameniletea kigoda chake cha jikoni, kile cha miguu mitatu anachokalia akikoroga ugali. Amekiweka mbele ya mkeka, upande wa kulia. "Ukitaka kuinuka, shika hapa." Yeye amekoroga ugali amechuchumaa.

Jumatatu, 17 Februari

Paja: 46. Viazi saba. Nainuka kwa kigoda, mikono miwili.

Jumatatu, 10 Machi

Paja: 48. Viazi tisa, soksi imetoboka. Kigoda kwa mkono mmoja.

Nimeenda bondeni na fimbo kumtazama Yosefu akipanda vitunguu. Tumekaa kimya karibu saa nzima, na sikuchoka. Zamani ningesema mtu huyu ana kiburi.

Alhamisi, 20 Machi

Bonaventura amepita kunisalimu. Nikamtania kwamba damu ya Yosefu imeanza kuzoea swala. Akanitazama kama anayesita kutoa habari. Nikamwambia sema yote safari hii, nusu nusu imenitosha.

Akasema, "Mama, chembe nyekundu anazopewa mtu haziishi zaidi ya siku mia moja na ishirini. Ulipewa tarehe 19 Novemba." Akahesabu kwa vidole. "Ziliisha jana au juzi. Damu uliyonayo sasa yote imezaliwa kwenye uboho wako."

"Hakuna hata tone lake?"

"Hakuna."

Sikutegemea, lakini nimehuzunika kama niliyefiwa. Nilikuwa nimeizoea. Nilipokuwa naogopa nilikuwa najisemea, si peke yangu humu ndani.

Nimemwambia Yosefu jioni. Akatafuna hindi lake mpaka likaisha. Kisha akasema, "Ilikuja mgowe. Imekwenda zake."

Jumatatu, 31 Machi

Paja: 50. Sista Scolastika amenikumbatia na futi ikiwa bado mguuni. Amesema kushoto 54 sitafika, na si lazima. Nimemshukuru kwa kunivumilia wiki tano za ubishi. Kigoda sasa nakigusa kwa kiganja tu, lakini sithubutu kukiacha.

Jumamosi, 12 Aprili

Lori limekuja leo kuchukua viazi vya masika, na mimi narudi nalo nyumbani. Kheri amesimamia upakiaji. Nimesimama mbali na ubavu wa lori, aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Kibarua mmoja akauliza, "Mama Sikudhani, tusuke vichwa?" Nikasema, "Gunia linaishia mdomoni." Yosefu alikuwa akifunga kamba. Hakugeuka, ila nilimwona mabega yakicheka.

Adhuhuri nikaingia chumbani kuswali mara ya mwisho katika nyumba hii. Mkeka ulikuwa umetandikwa tayari, kigoda mahali pake. Rakaa mbili za kwanza nikakigusa kama kawaida. Rakaa ya tatu nikasujudu, nikaomba dua ndefu: kwa Anifa, kwa Sista, kwa kijana wa miwani, kwa wenye nyumba hii kwa majina yao. Nikanyoosha mkono wa kulia. Mkono ukashika hewa. Nikapapasa. Hakuna kitu.

Nilikuwa katika sala, sikuweza kuuliza wala kugombana. Nikaisikia misuli ya paja ikijikaza, moja moja, kama watu wanaoamshana. Nikasema Allahu akbar, na nikainuka. Nikasimama wima, mikono kifuani, nimalizie rakaa iliyobaki kwa miguu yangu miwili.

Nilipotoa salamu na kugeuka nilimkuta Vestina mlangoni, miguu peku, amekumbatia kigoda kifuani, analia.

"Nilikichukua taratibu," akasema. "Nilikuwa palepale nyuma yako. Ungeanguka ningekudaka." Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Nimechoka kuchuchumaa, Mama Anifa."

Nikamshika mikono, kigoda kati yetu, na nikamwambia asante. Neno lenyewe dogo, nilirudia mpaka likanipa kwikwi. Yosefu akachungulia kwa nyuma yake, kofia mkononi.

"Imeinuka?" akauliza.

"Imeinuka," nikamwambia. "Lakini damu yako haimo tena, Baba Tarsis. Bonaventura alihesabu. Hata tone."

"Sasa mbona unalia?"

Majibu yote ya sokoni ninayo. La hili nimelipata sasa hivi, tukiteremka kuelekea Makambako, daftari likinirukaruka mapajani. Kila kilichokuwa chake mwilini mwangu kimekwisha, na bado namdai Mungu umri wa kumshukuru Yosefu. Nikifika nitampa Anifa daftari lake. Ayafute mafungu yake, ayafanye upya. Haya yangu asiyafute.